Kila Treni na Reli Yake: Kuipigia Windows Kompyuta ya Nyumbani

Wilaya ya Kilosa ina reli mbili. Ya kwanza ni ile ya Mjerumani, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Upana wake ni milimita 1,000. Ya pili ni SGR, yenye upana wa milimita 1,435, ambayo tangu katikati ya mwaka 2024 inapitisha treni za umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Mtu wa Kilosa amezizoea zote mbili, na hahitaji kuambiwa kwamba treni ya huku haiwezi kupita kule hata ikipakwa rangi mpya na kupewa kichwa kipya.

Tawi la reli ya zamani linalotoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu linaonyesha jambo hilo kwa uchungu zaidi. Pale Kidatu linakutana na TAZARA, yenye upana wa milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67 tu, haifiki hata upana wa kiganja, na kwa sababu yake mzigo unapaswa kushushwa behewa moja na kupakiwa jingine.

Kompyuta nazo ziko hivyo. Mfumo endeshi ndio programu kuu inayoiendesha mashine ikishawashwa: ndio unaoitambua kibodi, unaogawa RAM, unaoiamuru printa ichape na kukiacha kivinjari kifunguke. Kwa wengi mfumo huo ni Windows, na kuuweka mtaani huitwa kupiga Windows. Lakini Windows si moja. Kuna 7, 8.1, 10 na 11. Kuna Home na Pro. Kuna ya biti 32 na ya biti 64. Na nje ya ukoo huo kuna Linux yenye majina kibao. Ipi iingie kwenye mashine ipi ni swali la treni na reli kabla halijawa swali la mapenzi ya mtu.

Mikumi ni mji wa barabarani. Malori ya Zambia na Kongo yanapita mchana na usiku, mabasi ya Iringa na Mbeya yanaingia yakitokea kwenye hifadhi ambayo barabara kuu inaikata kwa takriban kilomita 50, na njia panda ya Ifakara inaleta wasafiri wake. Mji wa namna hii hauwezi kukosa steshenari. Humo watu wanachapisha barua, wanatoa kopi za vyeti, wanafungua akaunti ya Ajira Portal, wanajaza maombi ya Bodi ya Mikopo, wanatafuta matokeo ya NECTA. Na penye steshenari, fundi wa kompyuta hayuko mbali. Maongezi na mteja huwa mafupi.

"Fundi, mashine imekuwa nzito. Nipigie Windows."

"Nikupigie ipi, mwalimu?"

"Iliyo mpya."

Hapo flashi inatolewa kwenye droo, na uamuzi umekwisha kufanyika: itawekwa ile iliyomo ndani ya flashi. Haijaulizwa prosesa ni ya mwaka gani, RAM ni kiasi gani, wala mashine inafanya kazi gani nyumbani. Fundi si wa kulaumiwa peke yake. Mteja ndiye aliyemwambia "iliyo mpya" kana kwamba ananunua mkate.

Neno "mpya" linapotosha kwa sababu jambo la kupima ni kama toleo bado linatunzwa. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009, na matunzo yake yakakoma tarehe 14 Januari 2020. Windows 8.1 ilifuata Januari 2023. Windows 10, iliyotoka tarehe 29 Julai 2015, ilifika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Usiku ule hakuna kompyuta iliyozimika, na kesho yake picha zilifunguka na muziki ukapigwa kama kawaida. Kilichokoma ni viraka, yaani marekebisho ya kila mwezi yanayoziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni hupitia.

Tundu moja lilionyesha gharama yake Mei 2017. Kirusi kilichoitwa WannaCry kiliingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi takriban 150, kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi na upasuaji. Kiraka cha tundu hilo kilikuwa kimetolewa na Microsoft Machi mwaka huohuo, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka, pamoja na wenye matoleo ya kale kama Windows XP ambayo wakati ule hayakuwa yakipewa viraka vya kawaida.

Kuna pia uchakavu wa polepole. Kivinjari cha Chrome kiliacha kutoa matoleo mapya kwa Windows 7 na 8.1 Februari 2023. Kwenye mashine hizo kimeganda kwenye toleo la 109. Tovuti zinaanza kulalamika moja baada ya nyingine: ukurasa huu haupangiki, ule hauleti kitufe cha kutuma. Mwenye mashine anadhani mtandao wa Mikumi ndio mbovu. Windows 7 ilikuwa mfumo mzuri, na wanaoililia wana haki ya kuililia, lakini kuiweka leo kwenye kompyuta inayoingia intaneti ni kumkodisha mtu nyumba isiyo na milango.

Basi uamuzi unaanzia kwenye mashine. Kompyuta nyingi zinazofika wilayani ni zile zinazotangazwa kuwa "used kutoka Ulaya". (Kilosa ina kata yake iitwayo Ulaya, upande wa njia ya kwenda Mikumi, kwa hiyo mwenyeji anaweza kuulizia: Ulaya ipi?) Ni mashine zilizotumika maofisini, zikauzwa kwa jumla, zikapita Dubai au Kariakoo, kisha zikapanda basi. Ni imara, na nyingi ni za majina yaleyale: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad, na zile za mezani za Dell OptiPlex. Umri wake ndio tatizo, kwa maana duka linaweza kupanga mezani mashine mbili zenye sura moja zilizopishana miaka mitano.

Umri wa prosesa za Intel unasomeka kwa macho. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha tafuta mstari wa Processor. Tuseme umekuta i5-6300U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari, 6, inasema hicho ni kizazi cha sita. Ukikuta i5-8250U, ni cha nane. Ukikuta i7-10510U, zinasomwa mbili za kwanza: kizazi cha kumi. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, ilichora mstari wake kwenye kizazi cha nane, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Chini ya hapo Microsoft haiitambui, isipokuwa mashine chache sana. Kwa upande wa AMD, mstari unaanzia karibu na Ryzen za mfululizo wa 2000.

Hesabu hiyo ina maana kubwa mezani kwa muuzaji. EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha sita, G4 ni ya saba, na G5 kwa kawaida ni ya nane. Mtu anayechagua kati ya G4 na G5 kwa tofauti ndogo ya bei anachagua pia kati ya mashine ambayo Windows 11 inaikataa na mashine inayokubalika. Ni heri aongeze hela. Lakini asiamini jina lililoandikwa kwenye mfuniko. Baadhi ya G5 zilitoka kiwandani na prosesa ya kizazi cha saba, kwa hiyo msinfo32 ndiyo shahidi.

Sharti la pili ni chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0. Andika tpm.msc mahali palepale ulipoandika msinfo32, na dirisha litakaloibuka litasema ipo au haipo. Jibu la "haipo" lisikukatishe tamaa mapema, kwani katika mashine nyingi chipu ipo ila imezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe inayoamka kabla ya Windows. HP huingia BIOS kwa F10, Dell kwa F2, ThinkPad kwa F1, na hapo inawashwa bila kufungua skrubu hata moja.

RAM na diski zina viwango vyake rasmi: GB 4 na GB 64. Viwango hivyo ni vya kuiwezesha Windows 11 kuwaka. Kufanya kazi kwa raha ni habari nyingine. Windows 11 kwenye GB 4 ni mtu aliyekwisha jitwisha ndoo akaongezwa dumu mkononi: atafika, lakini usimwulize habari za njiani. GB 8 ndiyo inayofaa kuanzia. Na kama ndani bado mna diski ya zamani, ile inayozunguka na kusikika ikikwaruza, basi pengine Windows inasingiziwa. Mashine ya kizazi cha nne iliyowekewa SSD, diski isiyozunguka, huwaka upesi kuliko ya kizazi cha nane yenye diski ya kuzunguka. Wengi wanaokwenda kupigiwa Windows mara tatu kwa mwaka wanatibu homa kwa kubadilisha shuka.

Vipi kwa wenye vizazi vya chini ya nane? Njia ya kwanza, wanayoipenda mafundi, ni kuilazimisha. Programu ya bure iitwayo Rufus, inayotumika kutengeneza flashi ya kuwakia, ina kisanduku cha kuondoa masharti ya TPM na RAM. Ukikitiki, Windows 11 inaingia kwenye mashine ya kizazi cha nne bila maswali, na inafanya kazi. Microsoft inasema wazi kwamba mashine za namna hiyo hazina uhakika wa kupata masasisho. Nazo hazilazimishiki zote: toleo la 24H2, lililotoka Oktoba 2024, linadai maagizo ya prosesa ambayo Core 2 Duo hazina kabisa, na hapo hata Rufus ananyoosha mikono. Kwa kijana anayejifunza, anayejua kurudisha mambo yakiharibika, kulazimisha ni jaribio zuri. Kwa steshenari inayotegemewa na watu siku ya mwisho ya maombi ya mkopo, ni kucheza pata potea.

Njia ya pili ni kubaki na Windows 10 kwa muda. Microsoft iliweka utaratibu wa kuendelea kutoa viraka kwa watumiaji wa nyumbani wenye toleo la 22H2, ukiwa na mwisho wa tarehe 13 Oktoba 2026. Ada yake ilitajwa kuwa dola 30, lakini mtu anayeingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yake ihifadhiwe kwao anaupata bila kulipa. Ni muda wa kujipanga, si makazi.

Njia ya tatu ni Linux. Lakini kabla yake kuna habari ya leseni, ambayo ndiyo inayowapotezea watu mali yao bila wao kujua.

Tangu Windows 8 mwaka 2012, watengenezaji wakubwa walianza kuuandika ufunguo wa leseni ndani ya ubao mama wa kompyuta. Ule ubandiko wenye herufi na tarakimu 25 uliokuwa ukifutika chini ya laptopu ukaondoka. Maana yake ni hii: EliteBook au Latitude ya mwaka 2017 iliyofika Kilosa kwa basi mara nyingi imebeba leseni yake halali tumboni, kwa kawaida ya Pro. Ukiweka Windows 10 au 11 ya aina ileile, Pro kwa Pro au Home kwa Home, kisha ukaunganisha intaneti, inajithibitisha yenyewe. Hakuna ufunguo wa kununua wala wa kuomba. Ingia Settings, tafuta Activation. Ukikuta maneno "digital license", leseni yako inatambulika, na inafaa kuyasoma maneno hayo kabla ya kumkabidhi fundi mashine.

Kinachotokea mara nyingi ni kinyume chake. Mashine yenye leseni halali inafutwa, inapigwa toleo la kuchakachua, kisha inawekewa programu ya kuidanganya Windows kwamba imelipiwa. Programu hiyo ina tabia moja ya kumshtua mtu: kabla ya kuiwasha unaambiwa uzime kinga ya virusi. Desemba 2021 watafiti wa kampuni ya usalama ya Red Canary walieleza jinsi mafaili ya KMSPico, mojawapo ya programu hizo maarufu, yalivyokuwa yakisambazwa yakiwa yamebeba Cryptbot, kirusi kinachoiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Mwalimu anayeingia kwenye barua pepe yake na akaunti ya benki kupitia mashine hiyo amemkaribisha mwizi sebuleni na kumwonyesha kabati. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo haiuiti mchezo huo ujanja. Inauita uvunjaji wa haki.

Sasa Linux. Asili yake ni mwaka 1991, pale Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, alipoitoa kazi yake watu waichukue na kuiboresha. Afrika iliingia mlangoni kwa jina: Oktoba 2004, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa Ubuntu, neno la Kizulu na Kixhosa ambalo Mswahili halitafutii kamusi, kwa maana ni utu huohuo. Kwa miaka kadhaa kampuni yake ilikuwa ikituma CD bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba, popote duniani.

Tanzania nayo haikukaa pembeni. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, ulitoa Jambo OpenOffice: programu za ofisini, zenye kuandika barua na kupiga mahesabu, kwa Kiswahili kuanzia menyu hadi ujumbe wa makosa. Wengi waliozoea File na Edit waliona ajabu. Maneno waliyoyasanifu hayakuenea yote, lakini maneno kama "faili", "hariri" na "hifadhi" yanaonekana leo kwenye simu ya kila mtu aliyechagua Kiswahili.

Kwa kompyuta ya nyumbani, jina linalofaa kuanza nalo ni Linux Mint. Sura yake inafanana na Windows 7: kitufe cha kuanzia chini kushoto, saa chini kulia, na mafaili mahali unapoyatarajia. Mint 22, iliyotoka Julai 2024, imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na itapewa viraka hadi mwaka 2029. Inaridhika na GB 4 za RAM, na ile yenye sura iitwayo Xfce ni nyepesi zaidi. Mashine ya kizazi cha tatu iliyochoka na Windows hupata nguvu upya hapo. Na vile virusi vya flashi vinavyogeuza kila faili kuwa shotikati, ambavyo kila mwenye steshenari anavijua kama mbu wa masika, vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Linux inaliona faili la kirusi kama takataka isiyo na kazi.

Hapa pia namba kubwa inaweza kumponza mtu. Ubuntu hutoa toleo kila miezi sita, lakini yale ya Aprili ya kila mwaka wa pili ndiyo yenye alama ya LTS na matunzo ya miaka mitano. Yaliyobaki hutunzwa miezi tisa tu. Anayepakua lenye tarehe ya karibuni kwa sababu ni la karibuni atajikuta anapakua jingine kabla mwaka haujaisha. Kwa mashine za biti 32 milango imekaribia kufungwa: Windows 11 haina toleo lake, Ubuntu iliacha kutoa faili la kusakinishia la aina hiyo mwaka 2017, na Debian 13 ya Agosti 2025 nayo ikaacha. Debian 12 bado inazibeba.

Sifa ya Linux ambayo haitangazwi vya kutosha ni kuonja bila kununua. Ukiiwasha mashine kwa flashi, ukibonyeza F9 kwenye HP au F12 kwenye Dell na Lenovo, Mint inawaka kutoka kwenye flashi yenyewe na diski haiguswi. Hapo unajaribu: Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Printa inachapa? Ukiona mambo hayaendi, unazima, unachomoa flashi, na Windows yako iko palepale. Dakika ishirini za majaribio zinaokoa nauli ya kurudi kwa fundi.

Nayo ina mipaka, na mtu asidanganywe. Microsoft Office kamili haiingii. QuickBooks ya kusakinisha haiingii, wala Photoshop. Baadhi ya printa za bei nafuu hazina draiva. LibreOffice inafungua mafaili ya Word, ila mpangilio unaweza kuhama. Mtihani wa muhula wenye majedwali na picha, uliopangika vizuri kurasa nne shuleni, unaweza kufunguka nyumbani ukiwa kurasa tano na jedwali limekatika kiunoni. Mwalimu anayebadilishana mafaili na wenzake kila siku ana sababu halali ya kubaki Windows. Lakini yule ambaye kazi zake zote, kuanzia Ajira Portal hadi barua pepe na YouTube, zinaishia ndani ya kivinjari, hatapoteza kitu. Wilayani Karatu, shirika la Powering Potential liliweka katika shule za sekondari kompyuta ndogo za Raspberry Pi zinazotumia umeme wa jua. Zinaendeshwa na Linux, na wanafunzi walijifunzia humo bila kudai Windows.

Uamuzi ukishafikiwa, yanabaki mambo ya dunia hii: bando na umeme. Faili la Windows 11 linazidi GB 5, la Ubuntu 24.04 linakaribia GB 6, la Mint ni chini kidogo ya GB 3, na masasisho ya kwanza yanafuata juu yake. Flashi iwe ya GB 8 au zaidi. Faili lichukuliwe kwenye tovuti ya wenyewe, Microsoft au Linux Mint, kwa bando la usiku kama mtandao wako unalo. Faili la kupewa na rafiki halijulikani limepita mikono mingapi. Windows 11 Home itadai intaneti na akaunti ya Microsoft wakati wa kusakinisha. Ikiwa Wi-Fi haijatambuliwa, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kupitia waya huo. Mara nyingi hilo linafanya kazi. Ukimaliza, iambie Windows kwamba mtandao huo ni "metered", la sivyo itaanza kupakua masasisho yake na bando la wiki litakwisha kabla ya chai ya asubuhi.

Laptopu ianze kazi ikiwa na chaji kamili. Ya mezani iwe kwenye UPS, na kama mawingu yanajikusanya upande wa milima ya Rubeho, subiri kesho. Umeme ukikatika katikati ya kusakinisha, mashine haitaungua, lakini unaweza kubaki na diski isiyo na kale wala sasa.

Na kabla ya yote, mafaili. Fundi atauliza: "Vitu vyako viko wapi?" Wengi hujibu: "Nimeweka D." Fundi anaifuta C, sehemu ya diski yenye Windows, kwa amani. Ndipo inagundulika kwamba picha za harusi zilikuwa Desktop, na Desktop iko C. Vivyo hivyo Documents, Downloads, picha zilizoshushwa kutoka WhatsApp, na nywila za kivinjari. Nakili vyote kwenye diski ya nje au flashi nyingine, kisha fungua mafaili mawili matatu kwenye kompyuta tofauti kuhakikisha yanafunguka.

Tuseme, basi, familia moja ya Kilosa mjini ina mashine tatu. EliteBook 840 G5 ya mama, RAM GB 8 na SSD: Windows 11 Pro, kwa leseni iliyomo ndani, na hakuna cha kujadili. Latitude ya kizazi cha sita ya kaka anayesoma chuo: Windows 10 yenye viraka vya nyongeza huku akijifunza Mint pembeni, au Mint moja kwa moja ikiwa hana programu inayomfunga. Ya tatu ni OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, ya mezani, ambayo watoto wanasomea. Hiyo ndiyo inayopelekwa kwa fundi kila mara, kwa malalamiko yaleyale: tovuti zote zinakataa, zinasema muunganisho si salama. Imepigwa Windows mara mbili mwaka huu, na kila mara inapona siku chache kisha inarudia.

Mwenye mashine atazame kona ya chini kulia ya skrini. Ikiwa kila asubuhi inaonyesha mwaka uliopita zamani, kompyuta inazikataa tovuti kwa sababu inaamini vyeti vyao vya usalama havijaanza kutumika. Ndani, juu ya ubao mama, kuna betri ya duara yenye ukubwa wa sarafu iliyoandikwa CR2032, na ndiyo inayoitunza saa mashine inapokuwa haina umeme. Imekufa. Inachomolewa kwa ukucha, mpya inawekwa maandishi yakitazama juu, tarehe inarekebishwa mara moja kwenye BIOS, na tovuti zinafunguka kwa Windows ileile iliyokuwepo.